Alikuwa Akifanya Kazi Gani?

Neno la Padre kwa Parokia
Somo: Kumbukumbu la Torati 21:1–9





Tarehe 28 Aprili ni siku ambayo mataifa mengi huikumbuka kuwa Siku ya Usalama na Afya Kazini. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilianza kuiadhimisha mwaka 2003, na hata kabla ya hapo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikiitumia tarehe hiyohiyo kuwakumbuka wenzao waliokufa na walioumia kazini. Katika kalenda yetu ya Kanisa siku hiyo haimo. Lakini mwaka huu nataka parokia yetu iikumbuke, nami nitawaeleza sababu. Sababu hiyo ina aibu ndani yake, na fungu kubwa la aibu hiyo ni langu mimi mchungaji wenu.

Kwanza tulitazame somo letu. Ni somo ambalo halisomwi mara nyingi kanisani, na pengine wengine wenu hamjalisikia kamwe. Musa anawaeleza Israeli la kufanya siku watakapomkuta mtu amekufa porini, damu yake imemwagwa, na hakuna anayejua ni nani aliyemwua. Wazee na waamuzi yawapasa watoke mjini. Wafike pale penye maiti. Halafu wapime umbali kutoka pale mpaka kila mji ulio karibu. Mji utakaoonekana kuwa wa karibu kuliko yote, wazee wake ndio watakaowajibika. Watamvunja ndama shingo bondeni, watanawa mikono, watatamka mbele za Mungu kwamba hawakuimwaga damu hiyo, na kuomba kwamba damu isiyo na hatia isibaki juu ya watu wake.

Nawaomba myaangalie mambo matatu. La kwanza, hapana mzee aliyeruhusiwa kusema, "Haya ni mapenzi ya Mungu, tumzike twende zetu." La pili, hapana aliyeruhusiwa kumnyoshea mtu kidole kabla ya kupima. La tatu, wazee wale hawakuwa wauaji, lakini hata hivyo waliitwa kujibu, kwa kuwa mji wao ndio uliokuwa karibu. Hakuna maiti katika Israeli aliyekuwa si wa mtu. Kila mmoja alipimwa, akaonekana yuko karibu na nani.

Sasa nawaeleza habari yetu wenyewe. Nimewaomba ruhusa wahusika, nao wamenikubalia niiandike bila kutaja majina.

Miaka kadhaa iliyopita tulimzika kijana mmoja wa parokia hii. Wengi mnamkumbuka, maana alikuwa mtumishi wa altare tangu utoto. Alipomaliza shule alikwenda kutafuta maisha machimboni, kama walivyofanya vijana wengi wa huku kwetu. Huko kazi yake ilikuwa kuchoronga miamba chini ya ardhi, mahali ambapo vumbi halina pa kutokea. Alikaa huko miaka kama kumi. Alirudi na fedha kidogo, baiskeli, na kikohozi.

Tukaona anakonda. Akipanda kilima cha kanisani alisimama mara mbili, mara tatu, kushika pumzi. Zahanati wakampima makohozi, hawakuona vijidudu vya kifua kikuu. Hata hivyo wakampa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, wala hakupona. Akapewa tena. Mitaani watu wakaanza kunong'ona kuwa ana UKIMWI. Akapimwa, hakuwa nao. Basi, walipoishiwa maneno hayo, wakapata neno lingine. Jamaa zake walikwenda kwa mganga, na mganga hakukosa la kusema. Alisema ni mtu wa ukoo, mwanamke, mzee, anaishi karibu. Kila mtu akajua anasemwa shangazi yake.

Mama yule ni mjane. Ndiye aliyemlea kijana baada ya mama yake kufa. Usiku mmoja alifukuzwa katika nyumba yake mwenyewe, akaondoka na khanga mbili na sufuria moja. Mimi nilisikia. Nilikwenda kuwakemea jamaa kwa kuamini uchawi, wakaitikia, "Ndiyo, Padre," na shangazi hakurudi. Haukupita muda kijana akafa. Nilimpaka mafuta, nilimzika, nikafungua kitabu cha maziko nikaandika jina, umri, kijiji, na tarehe. Nikakifunga kitabu.

Ndugu zangu, huo ndio uliokuwa wakati wa kupima. Mimi sikupima.

Baada ya mwaka mmoja na miezi tukamzika kijana wa pili. Kikohozi kilekile, kukonda kulekule. Nikaandika jina, umri, kijiji, na tarehe. Kisha akaugua wa tatu. Huyu alipofika zahanati alimkuta muuguzi mgeni, binti aliyehamishiwa kwetu kutoka wilaya nyingine. Alimwuliza maswali ya kawaida, kisha akamwuliza swali moja ambalo hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza: "Kaka, ulikuwa ukifanya kazi gani?" Akajibu, "Nilikuwa nachoronga mawe." Akaulizwa, "Peke yako?" Akajibu, "Hapana, tulikuwa watatu wa huku, shimo moja. Wenzangu wawili wameshakufa."

Muuguzi yule akaweka kalamu chini. Akamwandikia barua aende hospitali kubwa, na katika barua ile aliandika kazi yake, miaka aliyoifanya, na habari za wenzake wawili. Huko alipigwa picha ya kifua, na daktari, kwa kuwa alikuwa ameandikiwa kazi ya mgonjwa, akajua atafute nini. Ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe yenye madini ya silika. Madaktari huuita silikosisi. Vumbi lile ni jembamba mno hata halionekani kwa macho. Huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Hauna dawa ya kuuponya. Mara nyingi haujitokezi ila baada ya miaka mingi, wakati mtu ameshaiacha kazi na kurudi kwao. Tena hufungulia mlango kifua kikuu, ndiyo maana magonjwa haya mawili huchanganywa. Lakini unaweza kuzuiwa: kuchoronga kwa kutumia maji ili vumbi lisiruke, kupitisha hewa shimoni, kuvaa kinga inayofaa ya pua na mdomo, na kuwapima wafanyakazi mapema.

Basi makaburi yale mawili na mgonjwa yule mmoja vilikuwa jambo moja. Sisi tuliyaona kama misiba miwili ya nyumba mbili, kwa sababu hapana mahali popote palipoandikwa yale waliyoshiriki. Kadi za zahanati ziliandika "kikohozi". Kitabu changu hakikuandika hata hilo.

Nilikwenda nikavitazama vitabu vya parokia. Katika kitabu cha ubatizo, kile cha tangu zamani, ipo nafasi ya kuandika kazi ya baba wa mtoto. Katika kitabu cha maziko nafasi hiyo haipo. Tunamwuliza mtu kazi yake anapozaa, hatuulizi anapokufa.

Swali lile la muuguzi si jipya. Mwaka 1700 huko Italia mganga mmoja, Bernardino Ramazzini, alichapa kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali: wachimbaji, wafinyanzi, wapaka rangi, wafumaji, hata wakunga. Aliwashauri waganga wenzake kwamba, pamoja na maswali yote waliyozoea kumwuliza mgonjwa, wamwulize pia kazi anayofanya. Yapata miaka 300 na zaidi imepita, na bado kadi nyingi za hospitali hazina mstari wa swali hilo.

Wala Kanisa letu si geni katika jambo hili. Mwaka 1538 iliamriwa huko Uingereza kwamba kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa, na maziko. Baadaye mjini London makarani wa parokia walikuwa wakikusanya kila juma hesabu ya waliokufa, pamoja na sababu za vifo vyao. Na ni nani waliokwenda nyumba kwa nyumba kutazama maiti na kuuliza habari zake? Walikuwa akina mama wa parokia, mara nyingi wazee na maskini. Mwaka 1662 muuza vitambaa mmoja, John Graunt, alizichukua orodha hizo za miaka mingi akazilinganisha, akaweza kuonyesha mambo ambayo mtu mmoja akitazama jeneza moja hawezi kuyaona. Wataalamu wa afya ya watu humhesabu kuwa mmoja wa waanzilishi wa elimu yao. Msingi wa kazi yake ulikuwa nini? Karani wa kanisa na mama mzee waliouliza swali na kuandika jibu.

Wapo watakaosema, "Padre, kuwahesabu watu si vizuri. Mfalme Daudi aliwahesabu Israeli, na tauni ikaingia." Ni kweli, habari hiyo imo katika kitabu cha pili cha Samweli. Lakini Daudi alitaka kujua ana wanaume wangapi wa kushika upanga. Alihesabu nguvu zake. Yule mchungaji wa mfano wa Bwana wetu naye alihesabu. Kama hakuhesabu, alijuaje kwamba kati ya kondoo mia mmoja hayupo? Kuhesabu ili ujisifu ni dhambi. Kuhesabu ili umjue aliyepotea ni kazi ya mchungaji, na mchungaji asiyehesabu jioni hatagundua chochote mpaka zizi limebaki tupu.

Sasa sikilizeni hesabu ya dunia. Mwaka 2023 ILO ilitoa makadirio kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi. Katika hao, wanaokufa kwa ajali za kazini ni kama 330,000. Waliobaki, kama milioni 2.6, wanauawa na magonjwa ya kazi. Mmeona? Mtu akikatwa na mashine au akiangukiwa na ukuta, kijiji kizima husikia. Lakini kwa kila mmoja anayekufa kwa kishindo namna hiyo, wapo zaidi ya saba wanaokufa polepole kitandani, nyumbani kwao, mbali na mahali palipowaua. Maiti wa namna hiyo ndiye yule wa somo letu. Amelala uwanjani na aliyemwua hajulikani.

Na kinachotokea tusipopima ni hiki: lawama humwangukia mtu aliye karibu, mnyonge asiyeweza kujitetea. Hilo ndilo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote niliyoandika. Ugonjwa ambao chanzo chake hakikuulizwa hautakaa bila chanzo. Watu watautafutia. Nao hawatakwenda kumtafuta kwenye shimo la machimbo. Watamtafuta jikoni kwa shangazi.

Fikirini habari za vikongwe wa mikoa ya Kanda ya Ziwa. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa huko wamesingiziwa uchawi, na wengine wameuawa, na moja ya "dalili" zao lilikuwa macho mekundu. Macho yale yametiwa wekundu na nini? Na moshi. Maisha yao yote wamepika kwa kuni na mavi ya ng'ombe katika jiko lisilo na pa kutolea moshi. Walipata ugonjwa wa kazi, kazi ya kuwalisha wengine, na ugonjwa huo ukageuzwa kuwa ushahidi wa kuwahukumu.

Nitatoa mfano mwingine, wa mbali. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja huko California, Marekani, palitengenezwa dawa ya kuua minyoo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya mimea. Dawa hiyo iliitwa DBCP. Wanaume wa idara hiyo, katika mazungumzo yao wenyewe kwa wenyewe, waligundua kwamba miaka inapita nao hawapati watoto. Wakaomba kupimwa. Ikaonekana kuwa wengi wao mbegu zao zilikuwa chache sana, au hazikuwapo kabisa, na kwamba dawa ile ndiyo iliyowadhuru. Kufika mwaka 1979 serikali yao ilikuwa imezuia karibu matumizi yote ya dawa hiyo nchini mwao.

Nawauliza, lingetokea jambo hili kwetu tungefanya nini? Kila mwanamume angerudi nyumbani na kunyamaza kwa aibu. Kila mke angeitwa tasa. Mawifi wangesema, mke wa pili angetafutwa, mganga angelipwa mbuzi. Nyumba ishirini zingevunjika, kila moja ikidhani ina mkosi wake. Wale wanaume waliokolewa kwa kuwa walisema wao kwa wao, "Hata mimi." Maneno hayo mawili ndiyo mwanzo wa kupima.

Najua tuna usemi kwamba ajali haina kinga. Usemi huo hufariji mtu aliyekwisha kuumia, lakini ukisemwa kabla ya kuumia ni uvivu. Sheria ileile ya Musa, sura moja tu mbele ya somo letu, inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Kumbe Mungu anajua kwamba ajali nyingi zina kinga, na kinga hiyo ina mtu anayepaswa kuijenga.

Wengine nao husema kwamba aliyeumia huenda alikuwa na dhambi iliyofichika. Bwana wetu alipashwa habari za mauti ya ghafula, naye mwenyewe akaukumbusha mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Alikataa kabisa kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Tena angalieni kwamba idadi yao ilijulikana. Hawakuwa "baadhi ya watu". Walikuwa 18.

Basi, tufanye nini? Nina maneno kwa kila mmoja.

Kwanza, kwenu mnaofanya kazi, mashambani kwenye mkonge, viwandani, kwenye mawe, kwenye ujenzi, barabarani na pikipiki. Ukiumia, hata kidole, sema, na hakikisha imeandikwa. Najua hofu yenu: "Nikisema nitaachishwa kazi." Hofu hiyo si ya kipumbavu, nami siidharau. Lakini msiseme mmoja mmoja. Semeni pamoja, kwa viongozi wa chama chenu. Jueni pia kwamba sheria iko upande wenu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali na ya magonjwa yanayotokana na kazi, na wafanyakazi wapimwe afya zao. Upo tena Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao unahusu ajali na magonjwa pia. Lakini mfuko hauwezi kumlipa mtu ambaye habari yake haikufika. Usikae mpaka umechoka. Mambo haya yana muda wake.

Pili, kwenu mlio waajiri, wasimamizi, na manyapara, maana na ninyi mpo katika mabenchi yetu. Najua daftari la ajali likiwa tupu linapendeza machoni pa wakubwa. Lakini mtu aliyekatika kidole Jumatatu na kuambiwa, "Nenda nyumbani, tutakuona mwisho wa mwezi, usiandike," huyo ameumizwa mara mbili, mara ya kwanza na mashine na mara ya pili na ninyi. Tena mmemwekea mtego atakayesimama pale Jumanne. Kalamu yenu ingemwokoa.

Tatu, kwenu wauguzi, waganga, na wahudumu wa zahanati. Mmechoka, wagonjwa ni wengi, karatasi ni chache. Sisi hatuwaombi mengi. Tunawaomba swali moja na mstari mmoja: anafanya kazi gani, na alifanya kazi gani zamani. Swali la zamani ni la lazima, maana vumbi la ujanani huua uzeeni.

Nne, kwetu sisi parokia. Wengi wa watu wetu hawana mwajiri. Mwenye jembe lake na bomba lake la kupuliza dawa, mama anayeponda kokoto kando ya barabara na mtoto mgongoni, kijana wa pikipiki ya kukodi, hao ni nani atakayewaandika? Baraza la parokia limekubali yafuatayo. Tangu mwezi huu, katika kila maziko, karani atauliza kwa upole kazi alizofanya marehemu maishani mwake, naye ataziandika katika daftari la pembeni pamoja na ugonjwa uliotajwa. Hatutamtangaza mtu madhabahuni. Daftari litakaa kabatini, kwa siri. Akina mama wa Umoja wetu, ambao ndio wanaowatembelea wagonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote, nao wataliuliza swali hilo vitandani. Kila baada ya miezi mitatu tutakaa na muuguzi wa zahanati tutazame pamoja hesabu, bila majina, kama lipo jambo linalojirudia. Likiwapo, tutaandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya. Sisi si madaktari, wala hatutajifanya madaktari. Sisi ni wazee wa mji ulio karibu, tunaokwenda kupima.

Namaliza kwa habari ya shangazi. Nilipopata maelezo ya daktari nilikwenda kumwona. Anaishi kwa binti yake, mwendo wa siku moja kutoka hapa. Nilikwenda na ndugu wawili wa marehemu. Nilimweleza habari za vumbi na za vijana wale watatu. Nikamwomba radhi kwa niaba ya parokia na kwa niaba yangu mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akipepeta mchele. Kisha akasema, "Padre, mwanangu, mimi nilisema sikumfanya kitu. Nilikuwa na mdomo tu. Ninyi mlikuwa na kitabu na kalamu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ndugu wale wawili walipiga magoti wakalia. Yeye aliwainua, akawapikia wali ule. Kurudi hajarudi. Amesema ataomba juu ya jambo hilo, na sisi tusimharakishe. Nyumba yake imeezekwa upya na vijana wa kwaya, na ufunguo uko kwangu.

Yule kijana wa tatu yu hai. Ameacha machimbo, analima bustani ya mboga pale anapoweza, na akichoka hupumzika. Yeye ndiye aliyewaandikia rafiki zake waliobaki shimoni kuwaeleza wakapimwe. Wanne wamekwenda. Hawakuwa wakijua mtu yeyote anawahesabu.

Siku ya 28 Aprili tutakuwa na Misa ya jioni. Njooni na majina ya watu wenu walioumia au kufa kwa kazi zao, yameandikwa katika karatasi, na kazi zao pembeni. Tutayasoma yote, hata kama yatachukua muda.

Tuombe:

Ee Mungu Baba, ambaye kwako hakuna mtu asiyejulikana jina lake, wala jasho lake, utusamehe sisi tuliowazika ndugu zetu bila kuuliza. Uwaponye waliosingiziwa, uwarudishe waliofukuzwa. Uwape wenye mamlaka moyo wa kupenda kweli kuliko daftari tupu. Utupe macho ya kuona, mdomo wa kuuliza, na mkono usiochoka kuandika, ili damu isiyo na hatia isikae juu ya mji wetu. Kwa ajili ya Mwanao, aliyeishika randa na msumeno Nazareti, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawabariki wote, nyumba kwa nyumba.

Mimi mtumishi wenu katika Kristo,
Padre wenu